Chaki ya Mwezi wa Sita

Shule yetu ilikuwa kilimani upande wa Mogogosiek, juu ya kiwanda cha chai, na asubuhi nyingi moshi wa kiwanda ulifika darasani kabla ya watoto. Nilifundisha pale miaka ya tisini. Baba yangu alitoka kando ya ziwa akaja kufanya kazi kiwandani kabla sijazaliwa, akatulea katika kambi za wafanyakazi, kwa hiyo nilikuwa mgeni wa kabila lakini si wa mahali. Baridi ya huko niliijua, na majani nilikuwa nimeyachuma.

Mtu akitaka kujua ninavyofikiri juu ya serikali na pesa zake, sina hotuba. Nina mwezi wa sita tu. Mwaka wa serikali ulifungwa mwisho wa mwezi huo, na pesa yoyote ya elimu iliyokuwa bado wilayani ilirudi Nairobi, Hazina. Na haikuishia kurudi. Mwaka uliofuata mlipewa kidogo zaidi, kwa kuwa mlionekana hamkuwa na shida. Mwaka mzima tulililia dawati moja tukaambiwa hakuna kitu, kisha mwezi wa sita ukiingia, ofisi ya elimu inaanza kukimbia huku na huku ikitafuta watu wa kupewa. Aliyesema haraka haraka haina baraka hakuwahi kuwa mhasibu wa wilaya.

Walimu tuliuita mwezi wa harusi, maana zawadi zilikuja bila kuuliza kama bi harusi anazihitaji. Shule moja kuelekea Silibwet ililetewa mipira ya miguu, na uwanja wake ulikuwa mteremko ambao mpira ukipigwa unaishia mtoni. Nyingine ililetewa mapazia ilhali madirisha yake yalikuwa matundu. Tulizicheka hadithi hizo chumba cha walimu huku tukinywa chai ya rangi. Sizicheki tena.

Mwenyekiti wa kamati ya shule yetu alikuwa mkulima wa chai mwenye ng'ombe wachache, mzee mrefu wa koti la mvua ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Shule aliiacha akiwa mdogo, na pengine ndiyo sababu aliipenda yetu kupita kiasi. Ndiye aliyewaeleza wazazi habari za mwezi wa sita, na alieleza vizuri kuliko barua zote za wilaya.

"Hii besa ni kama masiwa ya jioni," aliwaambia. "Usibokamua, ng'ombe anafikiri hutaki. Kesho anakauka."

Mimi naye tulikuwa watani. Kikipsigis, lugha yake ya mama, kilimfanya achanganye "p" na "b", "t" na "d", na mimi nilirithi kwa baba ulimi unaoigeuza "sh" kuwa "s" nikisahau kujichunga. Akinikuta uwanjani alisimama makusudi. "Mwalimu, hebu sema shati." Nami, kwa haraka ya kumjibu, nilisema sati, akacheka mpaka akashika mti. Kisha ilikuwa zamu yangu: "Mzee, hebu sema pipa." Alisema bipa, akaapa kwamba ndivyo nilivyosema mimi. Hakuna aliyeumia. Kuchekwa na mtu anayekupenda ni kama kukunwa mgongo.

Jengo la darasa la kwanza ndilo lililokuwa kidonda chetu. Mchwa walikuwa wameingia kwenye mbao za paa. Ukiigonga boriti kwa fimbo, vumbi lilimwagika kama unga wa mtama. Upande mmoja tuliuegemeza kwa nguzo ya mkaratusi, na watoto walikatazwa kuigusa, nao, kwa sababu ni watoto, waliizunguka wakiimba.

Kamati ilikaa mwezi wa tano kuamua tutaomba nini wilayani. Mtu mmoja alisema tuombe mabati. Mwenyekiti alikataa. Shule ya jirani ilikuwa imeomba mabati mwaka uliotangulia, ikaletewa mabati matupu, bila mbao wala msumari mmoja, na karani akawaambia kwamba walichoomba ndicho walichopewa. "Sisi tuseme baa," alisema mwenyekiti. "Baa ni kila kitu. Mbao iko ndani, mabati iko ndani, misumari iko ndani." Wazazi walikubali, hata mimi. Neno lilichaguliwa kwa akili, na hilo huniuma hadi leo.

Asubuhi niliwafundisha watoto wa darasa la kwanza Kiswahili. Herufi za "p" na "b" zilikuwa vita. Nilikata ukanda wa karatasi nikaushika mbele ya mdomo wa kila mmoja: ukisema "pa", karatasi inaruka, ukisema "ba", inatulia. Darasa zima karatasi ilitulia. Kisha likaja kundi la nyuma, na msichana mmoja mdogo, mtoto wa mama aliyeuza maziwa pale madukani, akasema "pa", na karatasi ikaruka ikampiga puani. Alicheka kwa mshangao, akasema tena, na tena, mpaka nikamwachia karatasi aende nayo. Nikiita majina asubuhi, wengine walijibu "presenti, mwalimu". Yeye alijibu "Niko!" Nilimrekebisha mara kadhaa, kisha nikaacha, kwa sababu jibu lake lilikuwa zuri kuliko langu.

Mkutano wa wilaya ulifanyika mwezi wa sita ukiwa umeshaanza kuzeeka. Mwalimu mkuu alikuwa amelazwa hospitalini, hivyo mimi, nikiwa mwalimu mwandamizi, nilienda na mwenyekiti. Tulipanda lori la majani lililokuwa likirudi tupu, tukakaa juu ya magunia. Mwenyekiti alivaa tai chini ya lile koti. Njia nzima midomo yake ilikuwa ikicheza, anaipanga hotuba.

Ukumbi ulijaa walimu wakuu na wenyeviti wao. Afisa wa elimu alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye haraka. Alisema mwaka uliotangulia walimu waliomba vitu vya matumbo yao, kwa hiyo safari hii watasema wenyeviti tu. Kila mmoja aseme jambo moja, na liwe ni kitu kinachoweza kuletwa kabla mwezi haujaisha, la sivyo pesa zinarudi. Wenyeviti wakaanza kusimama mmoja mmoja. Mmoja alisema "tawati", akaandikiwa madawati bila neno. Mwingine alisema "fitabu". Mambo yalikwenda vizuri.

Mzee wangu aliposimama, alishika koti lake kwa mikono yote miwili. Sauti yake ilikuwa kubwa, ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde.

"Bwana afisa, sisi tunataka baa. Baa ya watoto wa tarasa ya kwanza."

Mtu nyuma akarudia, "Baa ya watoto!" na ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Walicheka wa ziwani, wakacheka Wakikuyu wa madukani, na wakacheka Wakipsigis wenzake, hata yule wa tawati. Afisa alitoa kitambaa akafuta macho.

"Mwenyekiti," alisema, "hao watoto wa darasa la kwanza watakunywa nini? Na muziki tuwaletee?"

Nilisimama kwa hasira. "Bwana afisa, anasema paa. Paa la nyumba. Mbao zimeliwa na mchwa."

"Nimesikia, mwalimu, nimesikia. Ni utani tu." Na kusema kweli hakuwa mtu mbaya; alikuwa ameshaelewa, kalamu iko mkononi. "Lakini leo wanasema wenyeviti. Mwenyekiti, hebu sema tena niandike. Mnataka nini?"

Alihitaji kulisema lile neno mara moja tu. Ukumbi ulikuwa umenyamaza, na ulikuwa ukimya mbaya, wa watu walioshika pumzi wakingoja kucheka tena. Niliuona mdomo wake ukifunga kwa ajili ya herufi ya kwanza. Ulifunga, ukakaa hivyo. Nilimnong'oneza, "Sema mabati, mzee." Alinitazama kana kwamba nami nilikuwa mmoja wao. Hata mabati yalikuwa na "b" na "t" ndani yake.

"Chaki," alisema.

"Chaki?"

"Chaki. Sisi tunataka chaki."

Afisa alisita, nitamkumbuka kwa hilo. Alinitazama, akamtazama yeye, akauliza kama ana hakika. Mzee alisema mara ya tatu, safi, kila herufi mahali pake, kisha akakaa. Akaitwa mwenyekiti wa shule nyingine.

Mkutano ulipokwisha nilimfuata afisa mpaka mlangoni pa gari. Aliniambia kwamba akibadilisha neno la mwenyekiti mmoja, wote watakuja kubadilisha, na mwezi hautangoja. "Mlete mwenyewe kesho aseme," alisema, "nitaandika." Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi bado. Nilirudi kwa mzee, aliyekuwa amesimama kando ya barabara kwenye manyunyu, na nikamsihi. Nilimwita baba. Nilimwambia nitaandika mimi, yeye aweke kidole tu.

"Nirudi huko nichekwe tena?" alisema. "Mimi ni mtoto?"

Siku iliyofuata nilimfuata mpaka kwake. Mkewe alinipa maziwa lala kwenye kibuyu na kuniambia ametoka. Nilimwona katikati ya chai yake, mgongo kwangu, anachuma majani ambayo kwa kawaida vijana wake ndio waliyachuma. Nilimwita. Aliendelea kuchuma.

Chaki ililetwa mwezi ukikaribia kwisha, kwa lori lililokwama kwenye matope chini ya shule. Katoni kwa katoni. Wazazi walibeba kichwani wakiuliza hii ni nini, na nani aliomba, na kwa nini. Stoo ilijaa, ofisi ikajaa, na zilizobaki tukazipanga nyuma ya darasa la kwanza, zikafika karibu na paa. Chaki ambayo shule kubwa ingemaliza kwa miaka mingi. Dereva alitaka sahihi kabla hajazima injini, kwa sababu alikuwa na shule nyingine za kufikia.

Mvua ya mawe ilikuja muhula wa tatu. Watu wa chai wanaijua. Inaweza kula majani ya mwezi mzima kwa muda wa kunywa kikombe. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wameshatoka kwenda nyumbani, na mawe yalipoanza kuwapiga uwanjani wakakimbia kurudi ndani, ndivyo tulivyowafundisha. Nilikuwa na darasa la sita ng'ambo ya uwanja. Mawe yakipiga mabati huwezi kusikia hata sauti yako mwenyewe, kwa hiyo tulikaa tukitazamana, tukingoja. Sikusikia kitu. Watu huniuliza, nami huwajibu hivyo hivyo, kwamba sikusikia kitu. Mvua ilipopungua ndipo nilipotazama nje nikaona anga mahali palipokuwa na paa.

Wengi walitoka wenyewe, wamechubuka, wanalia. Zile katoni ziliishikilia boriti upande wa nyuma, na waliokuwa nyuma walipona. Sijui niifanyie nini habari hiyo. Aliyekuwa karibu na ile nguzo ya mkaratusi hakupona. Alikuwa ni yeye, mtoto wa mama wa maziwa.

Ninachokiona usingizini si uso wake, Mungu anisamehe. Ni sakafu. Mawe ya mvua yalikuwa yameingia darasani na chaki ilikuwa imevunjika na kumwagika, vyote vyeupe, vyote vya ukubwa mmoja, na tulipopiga magoti kuchimbua hatukujua mkononi tumeshika nini mpaka kiyeyuke au kisiyeyuke. Jioni mawe yote yalikuwa yameyeyuka. Chaki ilibaki pale ilipokuwa.

Tuliendelea kufundisha kwa chaki hiyo. Ningefanya nini? Hapakuwa na nyingine, na wilaya isingetupa, tulikuwa nayo tele. Ilikuwa imelowa na ililia ubaoni kwa sauti nyembamba, na watoto waliziba masikio. Walilitaja jina la yule msichana kwa kunong'ona kila ilipolia. Asubuhi, nikiita majina ya darasa la kwanza chini ya mti wa mkaratusi walikosomea sasa, nilipofika pale jina lake lilipokuwa niliruka kwenda jina linalofuata, na watoto wote wakashusha pumzi kwa pamoja. Somo la "p" na "b" nililifuta. Watoto wa miaka ile walifika darasa la nane wakisema wapendavyo, na sikumsahihisha hata mmoja.

Maneno yakaanza kilimani. Kwamba mwenyekiti alipewa paa akaliuza. Kwamba alikula na mwenye duka la chaki. Lisemwalo lipo, watu walisema, kana kwamba methali ni ushahidi. Alisikia yote, hakujibu, na tangu hapo hakuna aliyemsikia akisema Kiswahili tena. Dukani alionyesha kwa kidole. Nikimsalimu alinijibu kwa Kikipsigis, kwa heshima, na kuendelea na njia yake.

Yule mama wa maziwa alinijia nyumbani siku moja mchana. Hakutaka kukaa. "Mwalimu, wewe ulikuwa huko wilaya," alisema. "Nataka uniambie bila kunificha. Huyo mzee aliomba nini?"

Nilimwambia yote. Kwamba aliomba paa, kwa mdomo wake, mbele ya watu wote. Kwamba walimcheka. Kwamba alipoambiwa arudie alishindwa. Nilidhani ninamletea mzigo mwepesi kuliko ule aliokuwa nao, na ninalitetea jina la mtu mzuri. Alisikiliza akiwa ameshika fremu ya mlango.

"Sasa umeniacha na nani?" aliniuliza. "Nilikuwa na mtu wa kuchukia. Sasa nichukie kicheko?"

Alilia, nami nililia. Lakini alitoka kwangu akapita dukani, akawaambia waliokuwa pale wakome kumsema mzee. Walikoma.

Mwezi wa sita uliofuata, hatukuenda mkutanoni wala hatukuomba kitu. Lori lilikuja lenyewe. Mbao, mabati, misumari, kofia za paa, kila kitu ndani, na dereva anataka sahihi kabla mwezi haujaisha. Sijui kama ni aibu ya afisa au ni pesa tu zilizokuwa zikitafuta mahali pa kukimbilia. Lilikuwa paa zima, na hapakuwa na kuta za kuliweka. Zile za zamani tulikuwa tumezibomoa kwa hofu.

Mzee alijenga kuta hizo kwa bonasi yake ya chai. Hakumwambia mtu, mawe ya kujengea yalianza tu kufika, na fundi, na yeye mwenyewe akichanganya saruji ndani ya lile koti. Paa lilipopanda, wazazi walikuja na chai na mkate, wakaomba pasta aliombee jengo, kisha wakamwita mzee aingie wa kwanza. Alifika mlangoni. Aliwasogeza watoto ndani mmoja mmoja kwa kuwagusa bega, na walipokwisha, alirudi nyuma uwanjani.

Mvua ilianza kabla pasta hajamaliza. Nilimwita, "Baba, ingia, unalowa." Alitikisa kichwa. Alisimama uso juu, akilisikiliza lile paa, mpaka mvua ikakatika, ndipo akaenda kukamua.

Kuanzia siku hiyo, mvua ikinyesha wakati wa masomo, alikuja. Aliacha chai, aliacha ng'ombe, akapanda kilima akasimama uwanjani akilitazama paa la darasa la kwanza mpaka liishe kupigwa. Mara ya kwanza watoto waliogopa. Baadaye walizoea, na waliweza kukuambia mvua inakuja kwa kumwona njiani kabla ya mawingu. Sikuwahi tena kumwita aingie. Nilielewa kwamba alikuwa kazini.

Alifariki kabla ya miaka ya tisini kwisha, kwa homa ya mapafu, na sikuhitaji daktari anieleze aliipata wapi. Tulimzika siku ya jua. Mvua iliyofuata ilikuja juma jingine, nikiwa na darasa la kwanza, watoto wapya ambao hawakujua lolote kuhusu paa la zamani. Ilipoanza kugonga mabati, darasa zima liligeuka kutazama uwanjani. Niliwaambia watazame ubao. Kisha nikageuka na mimi.